Dominika za Sesilia Kapinga

Baba Paroko, ndugu wafiwa, wana Mbinga mnaotufuatilia kwa simu kutoka Kigonsera na Songea, majirani zetu wa Thornton Heath, na nyinyi mliokaa mabenchi ya nyuma, mliotoka Lewisham na kwingineko, ambao mpaka wiki mbili zilizopita familia hii ilikuwa haiwajui kwa majina na, tuseme kweli mbele ya jeneza, ilikuwa haiwaamini, karibuni nyote. Anayewasomea ni Linus Ndunguru, mdogo wake mfiwa, dereva wa basi, na huyo Linus mtamkuta pia humu ndani ya maelezo, wala hamtamkuta mahali pazuri, lakini ameagizwa asome kila mstari kama ulivyoandikwa, na kaka yake Thadei ameketi benchi la mbele anafuata kwa kidole kwenye nakala yake.

Marehemu Sesilia Aloisi Kapinga alizaliwa tarehe 22 Novemba 1970, Kigonsera, Wilaya ya Mbinga, Mkoa wa Ruvuma, nchini Tanzania, akiwa mtoto wa nne kati ya watoto saba wa Mzee Aloisi Kapinga, mkulima wa kahawa, na Mama Agatha Ndomba, wote wawili wametangulia, na kwa kuwa siku hiyo ilikuwa sikukuu ya Mtakatifu Sesilia jina halikutafutwa mbali, akabatizwa hapohapo parokiani tarehe 6 Desemba mwaka uleule. Siku aliyozaliwa ilikuwa Dominika. Kwa faida ya vijana waliozaliwa huku, na ya wageni wetu ambao Tatiana, binti wa marehemu, amewatafsiria maneno haya kwenye karatasi, Dominika ndiyo Jumapili, ndivyo tunavyoiita sisi Wakatoliki wa Tanzania, na neno hilo mlishike vizuri maana ndilo lililotuvuruga akili kwa miaka ishirini na zaidi.

Alisoma Shule ya Msingi Kigonsera kuanzia mwaka 1978 hadi 1984, Shule ya Sekondari ya Wasichana Songea kuanzia 1985 hadi 1988, kisha Chuo cha Ukutubi Bagamoyo kuanzia 1990 hadi 1992, na tarehe 5 Oktoba 1992 akaajiriwa Maktaba ya Mkoa, Songea, ambako wafanyakazi wenzake walimjua kwa jambo moja, kwamba hakukubali kitu kipotee eti kwa sababu kiko mbali. Afisa kilimo mmoja alihamia Tunduru na kitabu cha magonjwa ya kahawa, akakaa nacho mwaka mzima na nusu, Sesilia akapanda lori la mahindi, siku mbili njiani, akamkuta yule bwana anakula, akasubiri amalize, akanawa naye mikono, akarudi Songea na kitabu hicho pamoja na vingine vitatu ambavyo maktaba ilikuwa haina habari kama vimeondoka.

Hapo maktabani ndipo alipokutana na Thadei Ndunguru, mwalimu wa hisabati, aliyekuwa akichelewesha vitabu makusudi ili aitwe kuulizwa, na Sesilia, ambaye kazi hakuichanganya na mapenzi, akamfungia kadi kwa miezi miwili, uchumba ukaendelea vivyo hivyo kadi ikiwa imefungwa, hadi walipofunga ndoa takatifu tarehe 22 Juni 1996 katika Kanisa Kuu la Songea. Mungu aliwajalia watoto wawili, Collins, aliyezaliwa Songea tarehe 4 Aprili 1998, na Tatiana, aliyezaliwa hapa London tarehe 30 Oktoba 2004.

Tarehe 18 Septemba 1999 marehemu alifika London kwa masomo ya shahada ya pili ya ukutubi, tarehe 7 Julai 2001 mumewe akamfuata na mtoto, wakapanga Thornton Heath, Thadei akaacha hisabati akaingia kazi ya kea, kuwaogesha na kuwalisha wazee wa watu, na tarehe 3 Septemba 2001 Sesilia akaajiriwa Maktaba ya Utafiti ya Harcombe, alikofanya kazi hadi maradhi yalipomkalisha.

Sasa tunafika penyewe. Siku ya Jumanne, tarehe 11 Novemba 2003, yaliletwa Harcombe makasha matatu ya karatasi kutoka nyumba ya mtu aliyefariki, yameandikwa juu yake neno moja la Kiingereza, *Dominican*, na mkuu wa maktaba alipolisoma akaona ni habari za watawa Wadominikani, akaagiza yapelekwe chumba cha dini. Sesilia, aliyelelewa na watawa na anayejua karatasi zao zinavyonukia, aliyafungua hakukuta hata rozari, alikuta daftari la matokeo ya mechi za kriketi, barua za nesi kwa dada yake za mwaka 1961, picha za nyumba zilizoezuliwa mapaa na kimbunga cha Agosti 1979, na bahasha nzima ya stakabadhi za mizigo ya meli. Hao hawakuwa mapadre, walikuwa watu wa Dominika, kisiwa kidogo cha milima upande wa pili wa dunia, ambacho wenyewe wa kwanza walikuwa na jina lao, ila mabaharia wa Hispania walipokiona tarehe 3 Novemba 1493 ilikuwa siku ya Jumapili, hawakujisumbua kuuliza, wakakiita kwa jina la siku. Mkuu alipoelezwa alisema basi yawekwe popote penye nafasi, na nafasi iliyopatikana ilikuwa shubaka moja karibu na bomba la joto, ndipo Sesilia alipoanzia, bila kuambiwa na mtu, kujenga mkusanyiko wa utafiti wa masomo ya Dominika.

Kwa furaha akamwandikia mama yake, tarehe 30 Novemba 2003, kwamba amepata kazi ya moyo wake, anakusanya masomo ya Dominika. Ndugu zangu, mpeni Mkatoliki yeyote wa Mbinga maneno hayo matatu, masomo ya Dominika, atawaambia ni somo la kwanza, wimbo wa katikati, somo la pili na Injili, hakuna kingine. Mama Agatha, ambaye macho yalikuwa yamepungua nguvu, alisomewa barua na katekista, katekista akampelekea paroko, na Dominika ya kwanza ya Januari 2004 ikatangazwa kanisani kwamba binti wa Kigonsera ndiye anayewapangia Wazungu masomo ya misa huko London, kwaya ikapiga vigelegele, mama akahamishiwa benchi la mbele. Sesilia alipopata habari aliandika barua ya pili kueleza habari za kisiwa, lakini katekista aliisoma kimya kimya, akaona balaa, akaikunja, akamwambia mama, "Anakusalimia sana." Mama Agatha alifariki tarehe 17 Agosti 2009 akiwa bado benchi la mbele, na katekista alikuja kukiri siku ya arobaini.

Kigonsera iliamini kupita kiasi. Thornton Heath hatukuamini kabisa.

Maana ajira ya Sesilia ilikuwa Jumatatu hadi Ijumaa, na mkataba Thadei aliusoma, lakini kuanzia mwaka 2004 kila Dominika baada ya chakula cha mchana alivaa koti, akachukua mkoba wenye zipu, akaondoka kuelekea Lewisham, akarudi giza limeingia. Misa alikuwa amekwisha sali Jumamosi jioni, na misa hiyo ni halali, ila Thadei aliiona ya kujitafutia nafasi. Misa yetu ya Kiswahili ya kila mwezi ilisomwa Jumapili, Sesilia hayupo, wanawake wakauliza, kwanza kwa huruma, halafu kwa kuinua nyusi. Alieleza, hatuwezi kumsingizia kwamba hakueleza, alisema wazee wa Dominika waliokuja hapa miaka ya hamsini na sitini wana karatasi chini ya vitanda na habari vichwani, wiki nzima wako kliniki na kwa wajukuu, asubuhi ya Jumapili wako kanisani kwao, na mtu anayetaka kuwasikia awafuate mchana wakiwa wameshiba. Ilikuwa kweli tupu. Lakini ukweli ukieleweka haraka mno, mwenye wasiwasi huuona umeandaliwa.

Thadei akaanza kukusanya na yeye. Alirudi mkewe na harufu ya kungumanga na samaki wa chumvi wa kukaanga, Thadei akaiweka akilini. Alirudi na kilemba cha kitambaa cha mistari ya rangi tatu ambacho Thadei hakukinunua, akakiweka akilini. Alianza kusema maneno ya lugha ambayo si Kiingereza wala Kimatengo, akiwa anaosha vyombo, kwa sauti ndogo, kama mtu anayekariri jina. Alinunua gauni jeusi, akawa analivaa katikati ya wiki mara mbili kwa mwezi, anatoka asubuhi, anarudi macho mekundu, na alipoulizwa amefiwa na nani, akajibu, "Na mtu wa Dominika." Alikuwa akihudhuria mazishi yao, kwa sababu katika vijitabu vya mazishi, alisema, ndimo watu wasioandikwa popote huandikwa tarehe na mahali, na kijitabu kisipochukuliwa siku ile kesho kinatupwa. Thadei akajibu sawa. Lakini moyoni akajiuliza ni mkutubi gani anayelilia kitabu.

Halafu simu ya nyumbani ikaita siku moja ya Januari 2011, sauti ya mwanamume, nzito, ya utu uzima, ikauliza kama Sesilia atakuja Jumapili, "mwambie nimekipata," ikakata. Wiki hiyohiyo Tatiana, wakati huo ana miaka sita, aliulizwa na baba yake mama alimpeleka wapi jana, akajibu kwa Kiingereza, kama ilivyo kawaida ya watoto wa huku, kwamba walikwenda kwa babu, na babu amempa keki. Babu yupi? Baba yake Thadei yuko kaburini tangu mwaka 1994, na Mzee Aloisi alikufa kabla ya mtoto huyu kuzaliwa. Thadei hakulala vizuri tena, na kosa lake la kwanza likawa kumweleza mdogo wake.

Linus ni mtu wa kusema wasiwasi ndiyo akili, na alisema. Siku ya Dominika, tarehe 27 Februari 2011, akiwa kazini anaendesha basi lake, alimwona shemeji yake kwa macho yake kwenye kituo kimoja cha Lewisham, amemshika mkono mwanamume mwenye kofia, wanacheka, mfuko wa yule mwanamume uko begani kwa shemeji, wakaingia mlango wa kijani, mlango ukafungwa. Linus alishindwa hata kuondoa basi, abiria wakapiga kelele. Jioni alimsimulia kaka yake yote, kofia, mkono, kicheko na rangi ya mlango, isipokuwa jambo moja aliloliacha, kwamba yule mwanamume alikuwa na miaka si chini ya themanini na alikuwa akitembea kwa mkongojo. Hakulisahau. Aliliacha kwa sababu lilikuwa linaharibu habari, na leo anaambiwa alisome kwa sauti.

Kikao kikaitwa Jumamosi, tarehe 12 Machi 2011, nyumbani kwa Thadei, akawepo padre mgeni, akawepo Mzee Godlisten, mwenyekiti wa Watanzania wa mtaani, pamoja na kina mama wawili wa jumuiya, na Sesilia, aliyedhani anapikia wageni wa kawaida, alipakua wali, akaketi, ndipo akaambiwa yeye ndiye ajenda.

"Shemeji," Linus akaanza, "kila Jumapili mchana unakuwa wapi?"

"Nakuwa Dominika."

"Hatujakuuliza siku, shemeji, tumekuuliza mahali."

"Na mimi nimekujibu mahali."

Padre akasema kwa upole kwamba Dominika ni siku ya Bwana, mama, si mahali pa kwenda. Sesilia akaeleza kisiwa, akaeleza wazee, akaeleza makasha. Thadei alisimama akaleta atlasi yake ya ualimu, akafunua, na kisiwa hakikuonekana, kilikuwa kimeangukia kwenye mshono wa kurasa mbili, mahali pa uzi na gundi. "Basi kesho tutasikia kuna nchi inaitwa Jumatano," akasema Linus, na watu wakacheka, na padre akacheka, na kicheko hicho familia inakumbuka kilivyodumu.

Sesilia hakucheka. Alimgeukia mumewe tu.

"Baba Collins, na wewe unauliza?"

"Mimi nataka kumjua huyo mzee."

"Anaitwa Octave Laronde. Kesho twende wote, ukamwone."

Hapo, ndugu zangu, mlango ulifunguliwa wazi mbele ya mashahidi watano. Thadei anataka ijulikane kwamba hakuingia. Kesho yake, Dominika ya kwanza ya Kwaresima, Sesilia alisimama mlangoni na koti lake, akamngoja kwa dakika kadhaa, Thadei akajifunika shuka akajifanya amelala mchana kweupe, kwa sababu mwenye wasiwasi haogopi kukuta kitu, anaogopa kukosa, maana akikosa atalazimika kuomba radhi, na mbele ya watu waliokula wali wake akiwatazama radhi ilikuwa kubwa kuliko yeye. Akasikia mlango unafungwa taratibu. Kuanzia siku hiyo hakuuliza tena na Sesilia hakueleza tena, waliishi kwa heshima, wakalea watoto, wakala meza moja, na kila Jumapili mchana nyumba ilikuwa kama imezimwa taa.

Kazi haikusimama. Alichokuwa amekipata Mzee Octave siku ile ya simu kilikuwa daftari la kikao cha kwanza cha chama chao cha kuzikana, cha mwaka 1959, lina majina kumi na tisa na ahadi kwamba hakuna mtu wao atakayezikwa London bila watu, chama kilekile ambacho sisi tunacho, kwa ahadi ileile. Shubaka moja likawa chumba, chumba kikawa vyumba viwili, na tarehe 3 Novemba 2012 mkusanyiko ukazinduliwa rasmi, kadi ya mwaliko ikaletwa nyumbani na jina la Thadei limeandikwa kwa kalamu ya wino, Thadei akasema ana zamu. Hakuwa na zamu. Alikaa kwenye bustani ya umma karibu na nyumbani mpaka saa zilipotosha kurudi. Mzee Octave alifariki tarehe 8 Mei 2014, Sesilia akavaa lile gauni jeusi akalia kwa siku tatu, na Thadei akamtengenezea chai, akamtazama, akahesabu siku hizo tatu. Hadi anaacha kazi, mkusanyiko ulikuwa na makasha mia sita na kumi na manne, rekodi za sauti mia mbili thelathini na moja, na vijitabu vya mazishi elfu moja na mia moja, wasomi wanavuka bahari kutoka Dominika kwenyewe kuja kusoma habari za bibi zao hapa.

Tarehe 9 Mei 2025 madaktari walimgundua na saratani ya kongosho, akaanza dawa za kutiwa mishipani mwezi Juni, akafanyiwa upasuaji tarehe 22 Julai ambao haukumaliza ugonjwa, na kuanzia Septemba hakuweza tena kupanda basi. Thadei, aliyewahudumia wazee wa watu miaka ishirini na nne, alimhudumia mkewe kwa mikono yake, alimwogesha, alimgeuza, alimkatia kucha, na katika hilo hana la kujilaumu. La kujilaumu analo, nalo ni kwamba kila Dominika mchana simu iliita, sauti za Lewisham zikimuulizia hali, naye akajibu amelala, hata Dominika ambazo alikuwa macho, akitazama simu. Mara moja tu, mwezi wa Desemba, Thadei alivuta kiti akaketi karibu, akafungua kinywa kuuliza, Sesilia akamtazama akingoja kama alivyongoja mlangoni, Thadei akaishia kumuuliza kama anataka uji. Alisema anataka. Marehemu aliaga dunia nyumbani, Thornton Heath, Jumatano tarehe 14 Januari 2026, saa nne na dakika arobaini asubuhi, mume na binti yake wakiwa wamemshika, Collins akiwa njiani kutoka Manchester.

Jioni yake walibisha hodi watu kumi na mmoja, wamevaa vitambaa vya mistari, wamebeba masufuria, wakasema wametumwa na chama cha kuzikana, kwamba Sesilia alikuwa mwanachama wao tangu mwaka 2006 na mtu wao hazikwi bila watu. Linus, mwaka huu wa 2026, bado alihesabu wanaume waliokuwemo, walikuwa wanne, na alikuwa anachagua wa kumshuku pale mama mmoja wa makamo alipompa Thadei mkono, akasema anaitwa Lila, binti wa Octave Laronde, akauliza kwa adabu ni yupi kati yao aliyekuwa mume anayechoka sana Jumapili. Thadei hakuelewa swali. Lila akamwambia aende Harcombe, amwulize Poonam, wao ndio wenye rekodi ya baba yake, na siku ilipochukuliwa yeye mwenyewe alikuwepo chumbani akikata keki.

Bi Poonam, anayefahamika kwa wengi hapa, mkazi wa Stanmore, ambaye wazazi wake walitoka Tanga na Kiswahili hawakukiacha huko, alifanya kazi na marehemu miaka kumi na saba. Jumanne tarehe 20 Januari alimpokea Thadei mlangoni, akamwambia, "Pole sana, shemeji, njoo huku," akamkalisha kwenye kiti cha Sesilia, akamvalisha vipokea sauti, akatafuta rekodi namba themanini na nane, akatoka, akafunga mlango. Rekodi ni ya tarehe 13 Machi 2011. Ndiyo, siku moja baada ya kikao, Dominika ile ya shuka. Thadei aliingia chumba kile, amekubali tuseme, akiwa bado anatafuta kosa, sikio limekaa kama la hakimu.

Inaanza na sahani zinagongana. Mzee anasema kwa sauti ileile ya simu kwamba alidhani leo Sesilia angemleta mumewe, ameweka kiti. Kisha kimya, ambacho Thadei alikipima kwa saa ya ukutani inayosikika ikipiga, sekunde tisa, halafu sauti ya mkewe, changamfu, ya mtu anayetabasamu ili asikike anatabasamu, inasema, "Amechoka, baba, anafanya kazi ngumu wiki nzima. Lakini hana neno. Mume wangu ananiamini, ndiyo maana ananiacha nije peke yangu." Mzee anacheka, anasema huyo ni mwanamume, hata yeye hakuwa hivyo ujanani. Sesilia anamwuliza alipanda meli mwaka gani, na kwa saa moja na dakika kumi hakuna kingine humo ila meli, baridi, kazi ya reli, na majina ya waliokufa.

Thadei aliisikiliza mara tatu. Mkewe, ambaye hakuwahi kuacha tarehe moja ikosewe, aliyefunga safari ya Tunduru kwa ajili ya kitabu cha kahawa, alikuwa ameweka uongo katika kumbukumbu za kudumu kwa hiari yake, uongo mmoja tu, na aliuweka ili watu wa kesho wakisikia jina la mumewe walisikie ni la mtu mwema. Bi Poonam aliporudi alimkuta ameinama mezani, na kilio chake, anasema, kilisikika hadi chumba cha dini.

Bi Poonam ndiye aliyeomba nakala ya historia hii iwekwe kwenye mkusanyiko, pamoja na zile elfu moja na mia moja, na hapo ndipo mabishano yalipoanza nyumbani. Linus aliandika rasimu nzuri, fupi, isemayo marehemu aliishi na mumewe kwa upendo na kuaminiana kwa miaka ishirini na tisa. Thadei alichukua kalamu akafuta neno kuaminiana. Linus akasema kaka, mtu mzima akivuliwa nguo huchutama, kwa nini wewe unasimama kanisani? Thadei akamjibu kwamba mkewe ameshamchutamia vya kutosha, akaketi akaandika haya mnayoyasikia, usiku na mchana wa siku sita.

Familia inawashukuru madaktari na manesi wote waliomhudumia marehemu, manesi wa nyumbani waliokuja hadi asubuhi ile ya mwisho, Mama Nyambura, jirani wa ukuta kwa ukuta, aliyepika kila siku bila kuulizwa, jumuiya ya Wakatoliki wa Kiswahili, Watanzania wote wa London, wafanyakazi wa Harcombe, Bi Poonam kwa namna ya pekee, na chama cha kuzikana cha watu wa Dominika, ambacho Thadei anakiomba radhi kwa kila simu aliyosema amelala.

Na hili ndilo la mwisho aliloagiza Thadei. Rekodi namba themanini na nane isifutwe wala isiguswe, ila katika kadi yake ya maktaba, chini, iongezwe kwa mkono wa Bi Poonam: *Tazama pia historia ya marehemu Sesilia Kapinga, 30 Januari 2026. Zinapotofautiana kuhusu mume, historia ndiyo sahihi.*

Sesilia, mumeo hakukuamini. Ulistahili kuaminiwa, na sasa imeandikwa. Pumzika kwa amani.